Skrini Tatu za Mpima Ardhi

Sikati tundu kwenye boti ya mtu kabla mwenyewe hajakaa kwenye usukani akanisomea namba. Ndiyo sheria yangu. Wanaoiona ni usumbufu hutafuta fundi mwingine, kisha baada ya miezi miwili hurudi kwangu na boti yenye matundu mengi kuliko chujio. Ninachofanya si kigumu. Nakata kadi za karatasi ngumu, moja kwa kila skrini, ukubwa uleule wa skrini yenyewe. Naandika namba kwa kalamu nene, nazibandika kadi ukutani kwa utepe, halafu namwambia mwenye boti: kaa, soma. Akisoma bila kukunja shingo wala kufinya macho, nachukua msumeno. Asiposoma, nahamisha kadi, tunaanza upya.

Gatini wananiita Mama Waya. Sina mtoto anayeitwa Waya, na siku nilipolikataa jina hilo ndipo liliponing'ang'ania. Nimelizoea. Miaka ishirini na mbili nimetambaa kwenye matumbo ya boti za watu, navuta nyaya mahali ambapo hata panya angefikiria mara mbili.

Aliyeniita safari hii alikuwa mpima ardhi mstaafu. Miaka thelathini na moja aliwapimia watu mipaka yao, na hadi leo akiingia chumbani unamwona anatafuta pembe. Boti yake ilikuwa ya matanga mawili, urefu mita tisa, ameinunua kuukuu na kuipiga msasa mwenyewe mpaka mbao zikang'aa. Alitaka skrini tatu: ya kina cha maji, ya kasi na ya upepo. Alitaka ziwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu binti yao aliyeolewa ng'ambo ya ghuba alikuwa amejifungua, na yeye alikuwa amemwahidi mkewe kwamba safari hii hawapandi meli ya abiria. Wangekwenda kwa tanga, siku tatu, wao wawili.

Mkewe alikuwa muuguzi, naye amestaafu. Kuogelea hajui, na boti haimpendezi. Siku ya kwanza alinieleza kwa nini amekubali. "Maji nayaogopa, fundi, sikufichi," alisema. "Lakini huyu mzee wangu aliwahi kuona nguzo ya mpaka imesogezwa kwa upana wa kidole, tena akiwa ng'ambo ya barabara. Macho ya namna hiyo naweza kupanda nayo."

Mumewe alikuwa amesimama pembeni, akakohoa.

Mimi huyo mzee sikumpenda mwanzoni, niseme kweli. Alikuwa na tabia ya kukutazama sikio badala ya uso, kama karani anayesubiri uondoke dirishani pake. Nilidhani ni dharau. Kazini lakini hakuwa mvivu. Siku mbili za kwanza tulipitisha nyaya. Waya wa kipima upepo unaanzia ncha ya mlingoti, unashuka ndani ya mlingoti wenyewe, unatokeza chini ya sitaha, unazunguka mbali na dira ili sindano isidanganyike, na mwisho unafika kwenye sanduku la swichi. Sehemu zote hizo unapitishwa ndani ya mabomba ya plastiki, na unauvuta kwa uzi uliotangulizwa. Mimi nikisukuma upande mmoja, mzee alishika uzi upande wa pili.

"Simama," alikuwa akisema. "Imekwama. Si kwenye kona, ni baada ya kona. Rudisha kidogo. Haya, njoo."

Na kweli ilikuwa baada ya kona. Vidole vyake vilijua mambo ambayo mimi nilikuwa nayatafuta kwa tochi. Mara mbili nilitaka kumsifu, nikaona atavimba kichwa, nikanyamaza.

Jumanne ilikuwa siku ya kadi. Hapa lazima nieleze jambo moja linaloniaibisha kidogo. Kadi zangu nilikuwa sibadilishi. Miaka na miaka nimetumia zilezile, zimechakaa pembe, zina alama za utepe wa boti zote za gati lile: kasi sita nukta mbili, upepo kumi na tano, kina nne nukta saba. Kila mwenye boti amezisoma. Wengine wakinipita njiani hunitania, "Mama Waya, leo kina ngapi?" na mimi hujibu nne nukta saba, tunacheka. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna ubaya. Ila asubuhi hiyo chai ilinimwagikia, na kadi ya kina ikalowa hadi ikakunjika. Nikakata nyingine palepale na kuandika namba ya kwanza iliyonijia, nane nukta tatu.

Nikazibandika zote tatu kwenye ukuta wa nyuma wa kibini, kile chumba kidogo cha mbele, kulia kwa mlango, mahali ambapo mtu aliyeshika usukani anatazama moja kwa moja. Mzee akakaa, mgongo wima.

"Soma," nikamwambia.

"Kasi sita nukta mbili. Upepo kumi na tano. Kina nne nukta saba." Alisoma haraka, kama mtoto wa shule anayesema jedwali la mara mbili.

Nilidhani ananitania. "Kina tena, mzee."

"Nne nukta saba."

Nikaibandua kadi, nikaenda nayo hadi mbele yake, nikaishika hatua moja kutoka puani. "Na hapa?"

"Hapa ndiyo safi kabisa," akasema. "Nne nukta saba."

Nilibaki nimeishika ile kadi. Jirani wa boti ya buluu alikuwa anasugua sitaha yake huku anapiga mluzi, na nikajua bila kuuliza kwamba habari zimetoka kwake. Niliuliza hata hivyo.

"Nani alikuambia namba zangu?"

Mzee alitandaza viganja juu ya usukani, akavitazama, au akageuzia uso upande huo. "Huyo wa boti ya buluu," akasema mwishowe. "Nilimuuliza unapimaje kazi yako. Akanisimulia kwa kicheko. Alisema hizo kadi utazikwa nazo."

"Macho yamepatwa na nini?"

"Katikati hakuna kitu," akasema. "Pembeni naona. Nakuona mkono, naona mlingoti, naona boti ya huyo bwana. Ninachokitazama ndicho kinachopotea. Nikikutazama usoni, uso haupo. Nikitazama sikio, napata kipande." Alizungumza polepole na kwa usahihi, kama mtu anayesoma ripoti ya kiwanja. "Daktari anasema giza lote halitakuja. Pembeni patabaki. Katikati hapatarudi."

Niliona aibu kwa zile siku mbili nilizomnunia kwa ajili ya sikio langu. Halafu aibu ikageuka hasira, maana mimi ndivyo nilivyo.

"Mama anajua?"

"Hajui. Akijua hapandi. Asipopanda, mimi peke yangu siwezi kwenda. Na nisipokwenda mwaka huu, sitakwenda tena." Akagonga usukani kwa kidole. "Ziweke karibu na usukani, fundi. Hapa, chini ya kidevu. Nitainamisha uso mpaka nizipate. Nitazoea."

"Ukiinamisha uso unasoma skrini, nani anatazama bahari?"

Nilikuwa mkali kuliko nilivyohitaji kuwa, najua. Lakini mkewe angekuwa amekaa kwenye kile kiti, hajui kuogelea, ameyaamini macho ambayo hayapo, na waya ulioyafanya yote hayo yaonekane sawa ungekuwa wangu.

Nikamwambia nitakachofanya. Skrini nitazifunga ubavuni mwa kiti cha kushoto, zitazamane na kiti cha kulia anachokaa mama. Kutoka kwenye usukani hazisomeki hata kwa mwenye macho ya tai. Anayezisoma atakuwa mkewe. Ijumaa nitawasha umeme, na mkewe atakuwepo. Kabla sijabonyeza swichi, awe ameshamwambia.

"Wewe ni fundi au hakimu?" akauliza.

"Fundi. Hakimu hazibi matundu kwa silikoni."

Akacheka kidogo kwa pua, akakubali.

Jumatano nikakata matundu. Alhamisi nikaunganisha plagi, nikaacha kila waya ulegee na kuning'inia kidogo kabla ya kuingia kwenye skrini, ili maji yakiufuata yadondokee hapo chini yasiingie ndani. Mkewe alikuja mara moja na chupa ya chai. Akaniuliza kama vyombo hivi ni vigumu kuvielewa, nikamjibu ni rahisi. Akaniuliza kama mzee wake anasaidia au anasumbua tu, nikasema anasaidia. Chai yake niliinywa nikijiona mwizi. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, na mara tatu nikaufunga, nikijiambia kwamba si habari yangu. Sijui kama nilikuwa sahihi.

Ijumaa nilikuwa juu ya sitaha gari lao lilipoingia getini. Lilikuja taratibu sana, likakata kona kwa upana, likasimama likiwa limekaa nusu ndani ya mistari ya maegesho na nusu nje. Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka mzee. Wazo la gari halikuwa limenipitia hata kidogo. Siku zote nne nilikuwa nimefikiria bahari tu.

Walipanda botini. Mama akakaa kwenye kiti chake cha kulia, akaweka mkoba mapajani. Mzee akashika usukani. Mimi nikapiga magoti mbele ya sanduku la swichi.

"Mzee," nikasema.

"Washa tu, fundi."

Sikuwasha. Mama alinitazama, akamtazama mumewe, halafu akaziona skrini mbele ya magoti yake.

"Mbona zimegeuziwa kwangu?" akauliza. "Mimi zinanihusu nini?"

"Muulize mzee, mama."

Mzee aligeuzia uso baharini. "Kwa sababu mimi sizioni," akasema.

"Jua linakupiga?"

"Sizioni."

"Si uvae miwani."

"Miwani haisaidii."

Mama akaweka mkoba chini. Akasimama mbele yake, akainua vidole vitatu usawa wa uso wa mumewe, na nikaona muuguzi wa miaka mingi akirudi kazini. "Vingapi?"

Mzee akageuza kichwa pembeni.

"Unakwepa nini? Nitazame."

"Nikikutazama sikuoni," akasema.

Mama hakushusha mkono. Vile vidole vitatu vilibaki hewani. Mimi nilitamani kuwa ndani ya bomba la plastiki na nyaya zangu.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua."

"Juzi umenipeleka kliniki kwa gari."

"Taratibu."

"Leo umenileta hapa kwa gari."

"Taratibu pia," akasema mzee.

Nilikaribia kucheka, na hapakuwa na cha kuchekesha. Mama akanigeukia.

"Na wewe ulijua."

"Tangu Jumanne, mama."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuletea na chai."

Alinyoosha kiganja mbele ya mumewe akasema, "Funguo," na mzee akazitoa mfukoni akampa. Leseni alikuwa nayo, ila usukani hakuwa ameushika kwa miaka kumi. Waliondoka na gia namba moja, injini ikilia mpaka barabarani, na watu wote wa gati wakasimama kutazama. Mimi nikabonyeza swichi peke yangu, maana kazi ni kazi. Zikawaka zote tatu. Kina kilikuwa mita tatu nukta moja, kasi sifuri, upepo tisa, na kwenye kile kiti hapakuwa na mtu wa kuzisoma. Nikazima, nikafunika vyombo, nikaenda nyumbani.

Wiki tano zilipita. Niliiona ile boti imefungwa palepale, imefunikwa turubai, na nikaacha kupita upande ule. Nilishasadiki kwamba wataiuza. Kisha mama akanipigia simu.

"Fundi, hizo skrini nataka zielekee usukani," akasema. "Kwa urefu wangu mimi, si wake."

Kumbe yale majuma yote alikuwa akienda kwa mwalimu wa matanga, kituo cha pili kutoka pale, siku nne kwa wiki, ameanza na kuogelea. Hata siku moja hakuongozana na mumewe.

"Na mzee?" nikauliza.

"Atakaa nilipokuwa nakaa mimi."

Katika miaka yangu yote nimeziba matundu ya boti mbili tu, na ya pili ni hiyo. Niliyafunika kwa ubao mmoja mwembamba niliouchonga vizuri, lakini mimi mwenyewe nikipita nauona, na unanikera. Nyaya nilizirudisha kwenye ukuta wa kibini kwa kutumia nyuzi nilizokuwa nimeziacha ndani ya mabomba. Macho ya mama yako chini ya ya mumewe kwa upana wa kiganja, na kiganja hicho kilinilazimisha kupanga upya kila kitu. Kadi zilikuwa mpya zote. Alizisoma zote bila kukosea, akasoma na maandishi madogo ya kiwandani yaliyokuwa nyuma ya kadi ya chini, ambayo pembe yake moja ilikuwa imekunjika ikaonyesha mgongo.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kulia tangu asubuhi. Ilikuwa inamuuma, na hakujisumbua kuficha.

"Hii ni boti yangu," alisema nilipokuwa nafunga skrubu ya mwisho.

"Ni boti yako," akajibu mkewe. "Usukani ni wangu."

"Basi mimi siendi."

"Huendi leo kumsaidia fundi kupima kasi, au huendi kwa mjukuu?"

Kipimo cha kasi hakiwezi kurekebishwa boti ikiwa imefungwa, ni lazima itembee, kwa hiyo tulitoka sote watatu. Mama alitutoa gatini kwa injini, midomo ameikaza, hakugusa kitu. Nje akazima injini, akapandisha tanga la mbele kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua, akijinong'oneza. Boti ikainama upande mmoja. Mkono wake haukuachia usukani.

Nusu saa nzima mzee hakusema neno. Alikuwa amegeuzia uso kwenye upepo, mikono katikati ya magoti, na mtu asiyejua angesema anasinzia. Mama alisoma namba kwa sauti, mimi nikaandika. Hakumuuliza mumewe chochote. Nadhani alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Mimi nilikuwa natazama daftari langu na kumwomba Mungu tumalize salama, kwa sababu nilishaona kwamba mzee akishuka pale bila kusema neno, hiyo boti haitavuka ghuba kamwe, na hao wawili watarudi kwenye nyumba moja kila mtu na kiti chake.

Tanga likaanza kupiga pembeni, pa-pa-pa, sauti ndogo ambayo mimi sikuitilia maanani. Mama naye hakuisikia, alikuwa kwenye namba.

"Pua umeielekeza mno kwenye upepo," mzee akasema, bila kugeuka. "Igeuze kidogo. Kushoto. Kidogo tu."

Mama akageuza usukani. Sauti ikakoma, na kasi ikapanda kutoka nne nukta moja hadi nne nukta nane. Niliiandika. Hakuna aliyesema asante.

Tukaendelea hivyo kwa muda. Kisha mzee akanyoosha mkono, akapapasa ukingo wa kiti mpaka akaupata, akajisogeza karibu na usukani. Nilimwona akianza neno akaliacha, akalianza tena.

"Mbele kuna nini?" akamuuliza mkewe.

Mama alifuta uso kwa mgongo wa mkono, akatazama.

"Boya jekundu, kulia. Mbali bado," akasema. "Meli ya mizigo, inakwenda zake, haituhusu. Ndege wengi wameshuka mahali pamoja, nadhani kuna samaki. Na kuna mashua ndogo ya watu wawili, mmoja amesimama anakojoa."

Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. Akajifuta macho.

"Endelea," akasema, na mkewe akaendelea.